Saa Tisa za Angani

"Wewe mume unaye au ni hadithi tu?" mteja aliniuliza, nikiwa nimemfikisha nusu ya kichwa.

Mimi ni msusi. Mdomo wangu hautulii, kama vidole vyangu. Nikamjibu:

"Ninaye, dada. Yuko ng'ambo, mwaka wa nne huu. Likizo yake wiki moja, na ndege ni siku mbili kuja, siku mbili kurudi. Sasa akija atakaa nami saa ngapi?"

"Ng'ambo wapi?"

Nikamtajia mji. Aligeuka ghafla hadi nywele zikanichomoka mkononi.

"Mbona mimi nimetoka huko jana? Ni mhudumu wa ndege. Moja kwa moja, saa tisa. Unapanda jioni, asubuhi unakunywa chai hapa."

"Labda ndege ya kwao inazunguka."

"Dada yangu, hata ikizunguka."

Nilicheka ili nisilie. Miaka yote hiyo nakula peke yangu, naongea na redio, nalala upande mmoja wa kitanda nikimwachia wake, lawama zote naitupia ndege ya watu. Nikachukua simu, nikamwandikia: "Safari ya kuja huku inachukua muda gani?"

Akajibu upesi: "Mke wangu, si nilishakwambia? Siku mbili. Kwani vipi?"

Nikampigia.

"Niko na mhudumu wa ndege hapa. Anasema saa tisa."

Akaniuliza kama nimeshakula.

"Una mwanamke?"

"Sina. Haki ya Mungu sina."

"Kazi imeisha? Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa nini, mume wangu? Niambie tu."

Akashusha pumzi.

"Nikija, utaniomba nibaki. Na mimi huku nimeshazoea kuishi peke yangu. Nikaona nikisema ni mbali, hutaumia."

"Kwa hiyo ulikuwa unanionea huruma."

"Nisamehe."

Nikakata simu. Heri angekuwa na mwanamke. Ningemtukana huyo mwanamke, ningelia, rafiki zangu wangekuja kunibembeleza. Huyu hakuporwa na mtu. Hakunihitaji tu, basi. Roho iliniuma, nikakaa chini sakafuni, juu ya nywele za wateja wa asubuhi.

"Anakuja?" mteja akauliza taratibu.

"Haji."

Sikuwahi kulitamka neno hilo. Lilitoka kirahisi kuliko nilivyodhani.

"Wewe unarudi huko lini?" nikamuuliza.

"Keshokutwa."

Nikaanza kuhangaika na pete ya ndoa kidoleni. Ilikuwa imekaza, ikabidi niipake mafuta ya nywele ndipo ikakubali kutoka.

"Nina mzigo mdogo. Namba yake ya simu nitakupa."

Akaipokea, akaitazama kiganjani.

"Nikimpa nimwambie nini?"

Nilifikiri kidogo. Matusi yalikuwepo, tele. Nikayameza.

"Mwambie kuanzia leo nalala katikati ya kitanda."