Uji Niliompa Mama Kabla ya Kisu

"Mama amekula chochote tangu saa sita usiku?"

Swali jepesi, sivyo? Lakini sikulijibu kwa ukweli. Nilisema hapana... na hapana haikuwa jibu, ilikuwa uongo.

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kibomet, Kitale. Nina digrii, na tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuuliza kwa nini. Pasta akihubiri, nauliza. Daktari akiandika dawa, nauliza. Tabia hiyo niliionea fahari sana!

Mama alikuwa na mawe kwenye nyongo. Foleni ya Kitale ilikuwa ndefu, kwa hivyo tulimpeleka hospitali moja Bungoma, si mbali na Mabanga anakolima mjomba wangu. Tuliambiwa asile wala asinywe, atapasuliwa saa mbili asubuhi. Saa mbili ikawa saa nne. Saa nne ikawa saa nane. Nilimwuliza nesi kwa nini lazima akae njaa.

"Ndiyo utaratibu, dada," akasema, akapita.

Utaratibu? Kwangu hilo halikuwa jibu.

Mama alikuwa akitetemeka. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutoka kwenda kwa jambo gumu na tumbo tupu. Hata asubuhi za mitihani, Mama alisimama mlangoni na kikombe mpaka ninywe. Basi nikafungua thamosi, nikammiminia uji wa wimbi wenye maziwa.

"Si walikataza?" akasita.

"Hata sababu hawana, Mami. Kunywa."

Akanywa vikombe viwili.

Muda mfupi baadaye akaja Wekesa, kijana wa dawa ya usingizi. "Huyu mama ako fiti kuniliko, bana. Si nilale mimi, yeye anidunge?" Mama akacheka. Kisha Wekesa akanigeukia na lile swali. Thamosi ilikuwa chini ya kitanda, inagusa kisigino changu... Niliogopa kugombezwa. Niliogopa Mama arudishwe nyuma ya foleni.

Alipolazwa usingizi, uji ulipanda kooni ukashuka kwenye mapafu.

Nilimwona tena katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira mdomoni, mashine ikimpumulia. Daktari alitueleza kwamba vilivyotoka tumboni vimechoma mapafu, na bakteria wameshika hapo. Hata mpira ule uliomweka hai uliwapa bakteria wengine njia. Walibadilisha dawa mara mbili. Homa haikushuka.

Daktari akauliza tena kama alikuwa amekula. Jamaa wote wakanitazama, kwa kuwa ni mimi niliyekaa naye. Ningesema nini mbele yao? Nikarudia hapana. Kila nilipoirudia, nilijifungia mlango mwingine.

Siku ya tisa Mama akafariki.

Tulipomaliza mazishi, mjomba akaniita. "Ni yule kijana aliua dada yangu. Wewe si ndiye umesoma? Andika barua."

Na niliandika... kurasa mbili, bila kosa hata moja. Wekesa akasimamishwa kazi.

Miezi minane niliishi na barua ile. Watu walinisifu kwa kumpigania Mama, nami sikuweza kumeza uji. Mwishowe nilimwambia mjomba ukweli. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Kisha nikapeleka barua ya pili hospitalini, na Wekesa akaitwa, tukaketi naye ofisini.

Hakunifokea. Nilimwuliza swali langu la siku ile, kwa nini lazima mtu akae njaa. Alinijibu kwa dakika moja tu: dawa ya usingizi hulegeza koo, kilichomo tumboni hupanda, na mgonjwa hawezi hata kukohoa. Ningesema ukweli, wangeahirisha upasuaji hadi kesho yake. Basi!

Msomaji mwenzangu, uliza. Usikubali "utaratibu" peke yake, mwombe nesi akueleze. Lakini usifanye kukosa jibu kuwa ndilo jibu, kama nilivyofanya. Na ukiwa umeshampa mgonjwa kitu, hata maziwa kidogo, sema! Aibu yake ni ya siku moja.

Nilipoinuka kuondoka, Wekesa aliniambia jambo ambalo sikulijua. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alimwuliza Mama mwenyewe kama amekula. Mama akamwambia, "Andika vile msichana wangu amesema. Yeye ndiye amesoma."