Deraya ya Kavira

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufua sare yake ya shule, Ronah alikimbilia kibanda cha gemu cha Afande Blasio, pale Bwera, Uganda, kando ya barabara iendayo mpaka wa Kongo. Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu. Jeshi aliliacha, lakini amri zake hakuziacha. "Mstari! Kila mutu nusu saa! Kelele, nje!" alifoka, na watoto wakapanga mstari bila ubishi.

Gemu lililopendwa kuliko yote liliitwa Ngome. Lilihusu wapiganaji wa kale wa Ulaya, na lilikuwa na sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza mpiganaji alivaa koti la ngozi tu. Katika ya tatu, mwenye bidii aliweza kujipatia deraya kamili, yaani vazi la vita la chuma: chapeo ya kichwani, bamba la kifuani, glavu za chuma na ngao. Asiyekuwa na deraya, pigo moja la shoka lilimmaliza.

Kwa muda mrefu bingwa wa kibanda alikuwa Ronah, msichana wa miaka kumi na miwili. Kisha akaja Kavira.

Kavira alikuwa ametoka Butembo, Kongo, pamoja na mama yake Anastasie na mdogo wake Philippe. Huko kwao alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza hakukijua. Maandishi yalipotokea kwenye skrini, alimgeukia Ronah. "Ronah, hii iko nasema nini?" Ronah alimsomea, na mwanzoni alifurahia kweli kuonekana mjuzi.

Wenzake walipokimbilia vita, Kavira alichimba chuma. Alimpelekea mhunzi wa kwenye gemu, akarudi kuchimba tena, wiki baada ya wiki. Hatimaye mpiganaji wake akang'aa kuanzia utosini hadi unyayoni. Watoto wakaiacha televisheni aliyochezea Ronah, wakamzunguka Kavira.

"Ona chapeo!" alisema Nasani, mtani wa darasa lao. "Ronah, wewe bado iko na ngozi ya mbuzi?"

Ronah alicheka pamoja nao, lakini moyoni aliungua. Ulikuwa wivu. "Mimi ndiye ninayemsomea," alijiambia. "Bila mimi angepata nini?" Mambo yaliharibika zaidi Afande alipotangaza kwamba mtoto mmoja angekwenda mjini Kasese wakati wa likizo kushindana na watoto wa huko, kila mmoja kwa mpiganaji aliyemjenga mwenyewe.

"Kavira ndiye atakwenda," alisema. "Ronah, wewe ni wa akiba."

Wa akiba! Yeye aliyekuwapo kabla ya wote! Ronah alitembea hadi nyumbani bila kumsalimu mtu.

Jumamosi iliyofuata, deraya ya Kavira ilikuwa imebonyea kwa mapigano. Alimpeleka mpiganaji wake kwa mhunzi, na maandishi yakatokea. Mhunzi aliuliza kama aiyeyushe deraya yote iwe chuma kitupu. Kavira akamgeukia Ronah kama kawaida.

Ronah aliyaelewa maneno yale vizuri sana. "Anauliza kama aitengeneze yote," alisema. "Bonyeza ndiyo."

Kavira akabonyeza. Chapeo ikaingia motoni, likafuata bamba, kisha glavu, kisha ngao. Mpiganaji akabaki na shati. Mashine ikahifadhi kila kitu hivyo hivyo, na hapakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Kavira aliweka mikono kichwani. "Pengine mimi nilibonyeza mubaya," alisema kwa sauti ndogo.

Afande alisikitika. "Sasa iko hivyo. Ronah, jitayarishe, utakwenda wewe."

Ronah alikuwa ameingoja furaha hiyo. Ilikuja kidogo, ikaondoka.

Kesho yake mchana, Ronah na mama yake Ketura walikuwa wakichambua maharage uani. Kavira akaingia mbio, chupa ya dawa mkononi.

"Mama Ketura, shikamoo. Mama yangu alienda Kikorongo kuuza vitenge. Philippe iko na joto sana. Nesi alitupatia hii dawa asubuhi, lakini nimesahau ni vijiko ngapi."

"Ronah, msomee mwenzako," alisema Ketura.

"Usome tu," Kavira alisema. "Vile utasema, ndivyo nitamupa."

Ronah aliishika chupa. Aliyasoma maandishi mara moja, mara mbili, mara tatu. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Alikuwa na hakika. "Kijiko kimoja, mara tatu," alisema. Kisha machozi yakamtoka. "Kavira, jana nilikudanganya. Mhunzi hakutaka kutengeneza. Alitaka kuyeyusha. Nilikuonea wivu."

Kavira hakuuliza habari ya deraya wala ya Kasese.

"Na dawa?" aliuliza. "Dawa pia umesoma uongo?"

Swali hilo lilimuuma Ronah kuliko fimbo. Aliapa, lakini Kavira alikuwa ameshaichukua chupa yake na kuondoka. Ketura akanawa mikono, akamfuata Kavira, wakaongozana hadi zahanati. Nesi alithibitisha: kijiko kimoja, mara tatu. Philippe akapewa dawa, na kufikia jioni joto lilianza kushuka.

Siku ya gemu ilipofika, Ronah alisimama mbele ya watoto wote akasema alichokifanya. Afande alifuta jina lake, akaandika tena la Kavira. Ronah aliomba nusu saa zake zote apewe Kavira achimbie chuma, na Afande akakubali.

Lakini Kavira hakumwamini haraka. "Ronah, soma," alisema kila maandishi yalipotokea. "Nasani, na wewe soma." Ilikuwa aibu, na Ronah aliimeza. Wiki ya tatu, chapeo mpya ilipopatikana, Kavira alisahau kumwita Nasani.

Likizo ilipofika, Kavira alikwenda Kasese akarudi na nafasi ya pili. Watoto wakambeba juu juu. Ronah alibaki mlangoni kando ya Afande.

"Afande," alinong'ona, "bado nina wivu kidogo."

Afande alicheka mpaka akakohoa. "Hata mimi unanishika, mutoto wangu. Ukikushika, sema hivyo hivyo, utapungua. Lakini sikiliza. Jeshini tulivaa chapeo, na chapeo haioni njia. Anayekuonyesha njia ni mwenzako. Akisema iko salama, unakwenda. Akikudanganya, chuma yote ya dunia hii haiwezi kukuokoa."