Mtani Kazuia Jeneza

Kirudishi kilikuja juu ya tuta la mpunga kwa miguu yake minne ya chuma, na jeneza mgongoni halikutikisika hata chembe. Kikishuka mfereji, miguu ya mbele ilirefuka. Kikipanda, ya nyuma ndiyo iliyorefuka. Dereva hakikuwa naye. Mhandisi Mwamvita Kondo alikitazama kwa hasira kutoka darajani, karibu na lango la mpaka. Alikibuni yeye, kibebe wagonjwa kutoka mashambani. Baraza la Dola ya Ruvu likakipenda, likakipa kazi nyingine: kuwavusha mpaka maiti wa wageni.

Sheria ilikuwa fupi. Kibali cha mgeni hufa pamoja na mgeni, na maiti asiye na kibali haruhusiwi kuzikwa ndani ya ardhi ya Ruvu. Huvushwa kesho yake, akafukiwa na mashine ng'ambo ya mpaka, kwenye uwanja wa makaburi yenye namba bila majina.

Leo aliyebebwa ni Mihambo, Mnyamwezi, mvunaji wa mpunga kwenye matope ambako mashine za kuvunia huzama. Jua la jana lilimwangusha mundu ukiwa mkononi. Mwamvita alimjua vizuri. Kila alipokwenda shambani kujaribu mitambo yake, Mihambo alimpokea kwa matusi: "Mzaramo kaja! Ficheni ngoma, hatafanya kazi!" Naye alimjibu vikali zaidi, mpaka wavunaji wakashika mbavu.

Nyuma ya jeneza alitembea Kalunde, binti wa marehemu, matope yamemkaukia miguuni. Naye alikuwa mvunaji. Akivuka kumzika baba yake, kibali chake kinakufa na harudi tena, na wadogo zake kule Tabora wanakula kwa mikono yake. Asipovuka, baba anafukiwa bila mtu wake wa kumtupia konzi ya udongo. Haya, achague!

Mwamvita alitandika kanga katikati ya daraja, akalala chali.

"Njia imezuiwa," Kirudishi kilisema kwa upole. "Tafadhali, pisha."

"Sipishi ng'o! Huyo Mnyamwezi hapiti hapa!"

Kalunde alishtuka; kwa majonzi hakuitambua sauti, akadhani ni adui mwingine.

"Mvivu mkubwa wewe, Mihambo!" Mwamvita alipaza sauti. "Ukoo wenu umebeba mizigo tangu enzi na enzi, leo umetafuta wa kukubeba wewe! Unatoroka na wali wetu tumboni! Nani kakupa ruhusa ya kufa?"

Askari wa lango waliangua kicheko, wakaziba midomo. Kalunde sasa aliitambua sauti, akapita mbele ya jeneza.

"Inuka hapo, Mzaramo wewe! Baba yangu kalima, nyie mkacheza mdundiko!"

"Tukacheza, na tukala! Una la kusema?"

Machozi yalimtoka Kalunde huku akicheka.

"Matusi yamesikika," Kirudishi kilisema. "Je, huu ni ugomvi?"

"Ni utani. Tafuta kichwani mwako."

Taa ya Kirudishi ikapepesa. Zamani Baraza, kwa kuogopa wapiga kura, liliagiza mashine iheshimu desturi zote za msiba za wenyeji, isije ikakanyaga matanga ya watu barabarani. Mwamvita ndiye aliyekwenda kuwauliza shangazi zake desturi hizo, akazitia zote, hakuacha hata moja.

"Utani," kilisoma. "Desturi ya msiba ya mwenyeji. Mtani aweza kuzuia jeneza mpaka apewe anachodai. Taja dai."

Ofisa Pazi, mkuu wa lango, alifika akihema. Naye ni Mzaramo, tena wa Kisarawe.

"Mhandisi, una wazimu? Mtani hupewa sarafu, akapisha. Shika hii!"

"Kanywee kahawa. Mimi nadai kaburi. Hapahapa Ruvu, pembeni ya jaruba alilolivuna, na binti yake atupe udongo kwa mkono wake."

"Huyu ni mgeni! Desturi ni ya wenyeji!"

"Mwenyeji ni mimi, na desturi ni yangu!" Mwamvita aliketi. "Umesahau ilikotoka, Pazi? Hawa walipita hapa na misafara, mizigo mabegani. Wakifia kwetu, babu zetu waliwazika. Wetu wakifia kwao, walizikwa kwao. Hicho ndicho kibali. Kilikuwepo kabla yako, kabla ya lango lako na Baraza lako!"

Pazi alikigeukia Kirudishi, sarafu ingali mkononi.

"Dai ni halali," Kirudishi kilisema. Kikageuka taratibu, kikaanza kurudi shambani.

"Kesho Baraza litakutana!" Pazi alifoka. "Utani utafutwa humo kichwani mwake, na wewe kazi huna!"

"Futeni. Kesho Mihambo atakuwa ameshalala kwake."

Wavunaji walichimba. Askari wawili waliweka bunduki chini, wakaomba majembe. Kalunde alitupa konzi yake ya udongo, kisha akabaki ameinama muda mrefu, mkono ukiwa wazi. Mwamvita alivua kitambulisho cha uhandisi shingoni, akakitia mfukoni, akashika koleo.

"Na wewe ukifa, Mzaramo," Kalunde alimuuliza, "nani atakuzuilia jeneza?"

"Wewe! Nani mwingine? Ole wako usije!"

"Na lango je?"

Mwamvita alishindilia udongo kwa mguu.

"Lango litatangulia kufa," alisema.