Kufuli la Baba Mkubwa

Jamaa zangu, sikilizeni habari ya karakana moja ya kushona, hasa ninyi mlioajiri ndugu zenu.

Asubuhi za mafundi wa pale zilikuwa tulivu. Cherehani zilinguruma, pasi zikafuka mvuke, na binti mmoja akawachekesha wote. Kwa kuwa aliongea bila kituo, walimbandika jina la Chiriku.

"Chiriku, pumzisha mdomo ushone," shangazi yake aliyeketi jirani alimwambia.

"Shangazi, mdomo ndio mota yangu."

Mwenye karakana alikuwa baba yake mkubwa, kaka wa huyo shangazi. Kila alipotoka aliwaacha ndani na kufunga mlango kwa nje kwa kufuli, eti vitambaa visiibwe. Madirisha yalikuwa na nondo. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ukoo mzima ulikula kwa jasho la karakana hiyo, na yeye ndiye aliyegawa.

Chiriku alikuwa na pumu. Siku moja vumbi la pamba lilimbana kifua, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Shangazi akampigia kaka yake simu.

"Nipo njiani. Mwambie apumue polepole."

Kumbe bado yuko kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu. Waliupiga mlango kwa mabega, wakaupiga kwa stuli. Chiriku alifia pale kizingitini, msemaji wetu, bila neno.

Siku ya kumkumbuka, ukoo ulikusanyika mle mle karakanani. Baba mkubwa alisimama akasema binti alikuwa na afya dhaifu. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Shangazi akatoa bisibisi kwenye droo ya cherehani ya Chiriku. Akatoka nje, zilikokuwa bawaba, akazifungua moja moja mbele yao. Mlango ukaanguka kwa kishindo.

Mama wa Chiriku akamshika mkono. "Wifi, muombe radhi kaka yako. Sote tunakula kwake."

"Mwanao naye alikula kwake, wifi."

Funzo

Wewe unayewafungia watu kazini, kitambaa kikiibwa utanunua kingine. Na sisi tunaonyamaza kwa kuwa tunalishwa, kufuli lile tunalifunga pamoja naye.

Shangazi bado anashona pale, maana hana pengine pa kwenda. Mlango haujarudi. Kila asubuhi kaka yake humuuliza kama yuko tayari kuomba radhi.

"Siombi," humjibu, na kukanyaga cherehani.