Balungi na Kidonge

Fundi viatu na mkewe walikuwa na presha wote wawili. Zahanati iliwapa dawa ya aina moja. Vidonge viliacha uchungu mdomoni, basi wakaviteremsha kwa maji ya balungi. Mke alikamua glasi moja, wakagawana nusu kwa nusu. Hao hugawana kila kitu tangu waoane.

Asubuhi ya nne, fundi aliinuka kuchukua gundi. Macho yakaingia giza. Akaanguka puu, katikati ya viatu vya watu!

Majirani walimkimbiza zahanati. Dada yake alifika akihema.

"Umempa nini kaka yangu?" alimfokea mke.

"Balungi, wifi! Hata mimi nimekunywa. Glasi ileile!"

"Mbona wewe umesimama wima kama mlingoti? Muuaji! Sema ulichotia!"

Mke akapigwa na butwaa. Miaka ishirini ya ndoa, leo anaitwa muuaji mbele ya watu!

Muuguzi akatoka ndani. "Dada, punguza sauti. Kaka yako amezinduka. Presha ilishuka mno. Mama, umesema balungi? Pamoja na vidonge hivi?"

"Ndiyo. Kwani tunda linaua?"

"Tunda halina kosa. Utumbo una kitu kinachovunja sehemu ya dawa hii kabla haijaingia kwenye damu. Balungi linakizima. Basi dawa inaingia nyingi kupita kiasi, kama vile amemeza vidonge vitatu."

"Sasa mbona huyu hakuanguka?" Kidole cha dada bado kilikuwa usoni kwa mke.

"Miili haifanani. Mmoja ana kitu hicho kingi utumboni, mwingine kidogo. Mwenye kingi ndiye anayeumia zaidi kikizimwa. Lakini hata mama asicheze na afya yake. Mezeni kwa maji."

"Na tukila balungi jioni?" mke aliuliza.

"Hapana. Nguvu zake hukaa hata siku tatu. Liacheni kabisa. Na kila mkipewa dawa mpya, ulizeni: nisile nini?"

Dada akashusha kidole.

Baada ya wiki mbili, presha ya fundi ilikuwa shwari, naye yuko kazini, mkewe kando yake. Dada akaingia na maji, glasi mbili.

"Wifi, nisamehe. Nilikukosea sana. Haya, mezeni dawa."

Mke akaipokea glasi. Akaitazama. Akamtazama wifi yake.

"Onja wewe kwanza."