Chipu Mpya, Koili ya Zamani

Siku ya soko Kitui, Kaluki alipenya katikati ya wauza mitumba, gauni lake la manjano likiwa na alama za kuungua kwa chuma cha kulehemu, akaingia kibanda cha vipuri cha Mulinge.

"Natafuta chipu hii. Ndiyo inaongoza pawasaplai ninazounda, za kulisha umeme mashine za kuangulia vifaranga."

Mulinge aliitazama chipu, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi. "Hii imezeeka, dada. Kiwandani waliacha kuitengeneza, zilizobaki ni feki. Chukua mpya. Miguu ni minane vilevile, inakaa palepale."

"Na ikilipuka?"

"Njoo unilipue mimi."

Kaluki alicheka mpaka stendi.

Ikawa simu kila jioni, Kaluki akiwa kwake mjini Wote, Mulinge akiwa Kitui.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula moshi wa kulehemu."

"Na ile karatasi ya maelezo niliyokupa na chipu, umeisoma?"

"Wee, usinifundishe kazi! Niambie vile umenimiss."

Siku ya kuwaonyesha akina mama wa kikundi cha Nunguni walioagiza mashine, Kaluki aliiwasha. Pa! Moshi. Mayai yakabaki baridi.

"Tunakupa wiki moja, msichana wangu," akasema Nzisa, mwenyekiti wao. "Ikishindikana, tutatafuta fundi mwingine."

Kaluki akampigia Mulinge. "Umeniuzia feki!"

"Ngoja, hizo volti..."

Akakata, akamfungia namba.

Siku tatu alishinda na hasira. Ya nne akaisoma ile karatasi. Chipu ya zamani ilivumilia volti thelathini. Mpya, ishirini tu. Koili ya waya aliyoizungushia ile ya zamani ilikuwa bado inailisha ishirini na nne. Uso ulimwaka. Alipunguza mizunguko ya waya mpaka volti zikashuka na kufika kumi na tano, akawasha. Mashine ikanguruma kutwa nzima.

Kesho yake alikwenda Kitui mwenyewe, maana pole kama hiyo haitumwi kwa simu.

"Kosa ni langu, Mulinge. Hukuniuzia feki. Sikusoma."

Mulinge aliendelea kupanguza kaunta iliyokuwa safi. "Umeniita mwizi, Kaluki."

"Nilikuita. Nisamehe. Naenda Nunguni sasa hivi, na naogopa."

Mulinge akafunga kibanda mchana kweupe, wakaondoka pamoja.

Nunguni, akina mama walisimama mbali kidogo. Kaluki akabonyeza swichi. Joto likapanda polepole, likatulia. Nzisa akaanza kupanga mayai, akaagiza mashine nyingine nne.

Mulinge akamwinamia sikioni. "Wazee wangu walete lini mbuzi wa ntheo kwenu, tuanze uchumba rasmi?"

"Jumamosi nina kazi ya Nzisa."

"Basi Jumapili, baada ya kanisa."

"Waambie wawahi," akasema Kaluki, akimshika mkono mbele ya watu. "Baba hapendi kungojeshwa, na mimi pia."