Neno la Mwisho Ubaoni

Ubao wa darasa la mwisho ulikuwa umeibwa, na mwizi alikuwa na adabu zake. Skrubu zote alizitia kwenye kopo la chaki. Mlango aliung'oa bawabani, akauegemeza ukutani taratibu.

Inspekta alipima kizingiti kwa macho. Ubao ungelazwa ubavu, ungepita bila taabu. Huyu aliubeba bapa, uso juu, chaki isifutike, ndiyo maana mlango ukamzuia. Hakutaka ubao, alitaka maandishi.

Mwalimu mkuu alieleza kwamba mafundi walikuwa waje kuupaka rangi. Tangu mwalimu wa Kiingereza afariki muhula huu, hakuna aliyethubutu kufuta kitenzi chake cha mwisho: "relinquish".

Inspekta alilijua neno hilo. Alisoma humu humu. Kila Jumatatu mzee yule aliandika kitenzi kimoja kizito, na hakikufutwa mpaka kila mmoja akitungie sentensi ya maisha yake, si ya kitabuni. Wa mwisho kutunga ndiye aliyefuta. Hata binti yake hakusamehewa. Inspekta alikumbuka alivyokitunga hicho hicho: mwizi kakamatwa, aka-relinquish mkoba. Darasa zima likamcheka.

"Huyo kanyang'anywa," mwalimu alisema. "Neno hili ni kuachilia kwa hiari kitu unachokipenda bado."

Siku zile zilikuwa tamu, na Inspekta alizitamani.

Hakuhitaji alama za vidole. Alivuka barabara hadi kwa binti wa marehemu, fundi cherehani, waliyekaa naye dawati moja. Ubao ulikuwa sebuleni juu ya stuli mbili, chaki haijaguswa.

"Umeubeba na nani, dada?"

"Na shemeji yako. Muache, nilimlazimisha."

"Kwa nini?"

"Wangempaka rangi baba, kaka. Huu ndio mwandiko wake wa mwisho."

Sheria ilimruhusu kuuchukua saa ile ile. Badala yake alivua kofia, akakaa.

"Wenzako wote walishatunga," alisema kwa upole. "Yako ya leo iko wapi?"

Binti aliutazama mwandiko, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema kwa Kiingereza cha baba yake, neno moja moja: "Today I relinquish my father."

"Sahihi," Inspekta alisema.

Binti akalifuta neno kwa kiganja, herufi baada ya herufi. Halafu wakaushika ubao wote wawili, wakaulaza ubavu, ukapita mlangoni bila taabu.